Notsi za lekcha: mwongozo kwa wanafunzi wa vyuo vya Mtwara na Lindi

Sekondari mwalimu aliandika ubaoni, wewe ukanakili, na madaftari yakakusanywa yakakaguliwa. Chuoni hakuna anayekagua daftari. Mhadhiri anaingia, anawasha projekta, anazungumza Kiingereza saa mbili, anatoka. Ubaoni yamebaki maneno kumi na mchoro uliofutwa nusu. Wengi wa mwaka wa kwanza, wawe wa chuo cha Stella Maris, wawe wa tawi la Taasisi ya Uhasibu hapa Mtwara au kwingineko, hukwama hapo: ama wanakimbizana na kila neno hadi mkono unakufa ganzi, ama wanakunja mikono na kungoja slaidi zitumwe kwenye grupu.

Kuandika kila neno hakuwezekani, na sababu ni hesabu tu. Mtu akizungumza kwa mwendo wa kawaida hutoa maneno kama 120 hadi 150 kwa dakika. Mkono mwepesi huandika 20 hadi 30. Katika kila maneno matano unayosikia, moja ndilo litakalofika kwenye karatasi. Kwa hiyo kazi yako ni mbili: kuchagua hilo moja ukiwa darasani, na kuyarudisha yale manne kabla hujalala. Wanafunzi wengi hujitahidi sana kwenye ya kwanza na hawaifanyi kabisa ya pili, na ya pili ndiyo inayobeba matokeo.

Daftari na peni

Kaunta buku moja kwa kozi moja. Kuchanganya kozi tatu kwenye daftari moja kunaonekana kuokoa pesa, lakini mwezi wa tatu utatumia muda mwingi kutafuta kuliko kusoma. Andika ukurasa wa kulia tu. Wa kushoto uache mtupu kwa makusudi, utajazwa baadaye. Ukiandika kurasa tatu za kulia kwa kipindi, vipindi viwili kwa wiki, kwa wiki 15, ni kurasa 90 za kulia. Kaunta buku la kwaya 2 linazimudu.

Kwenye kila ukurasa wa kulia piga mstari wa wima kwa penseli, sentimita 6 kutoka ukingo wa kushoto. Chini ya ukurasa acha mistari sita na uikate kwa mstari wa mlalo. Sehemu pana ya kulia ni ya lekcha yenyewe. Safu nyembamba ni ya maswali. Mistari sita ya chini ni ya muhtasari. Ukiwa darasani usiguse safu wala mistari ile, hata nafasi ikikubana, geuza ukurasa. Mpangilio huu ulienezwa tangu miaka ya 1950 na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Ukurasa wa kushoto mtupu ni nyongeza inayoifaa kaunta buku, kwa sababu daftari lililoshonwa huwezi kuchomeka karatasi katikati. Piga mistari ya kurasa kumi kwa mpigo Jumapili, usianze kutafuta rula mhadhiri akiwa ameshaanza.

Namba za kurasa uziandike mwenyewe, na kurasa mbili za mwanzo ziwe yaliyomo: tarehe, mada, ukurasa. Juu ya kila lekcha andika tarehe na mada. Lekcha isiyo na tarehe huwezi kuilinganisha na notsi za mwenzako wala na slaidi.

Peni iwe ya kawaida, siyo ya jeli. Kwa joto la pwani kiganja kinatoka jasho, na wino wa jeli unachelewa kukauka, hivyo unajipaka ukurasa mzima. Mvua za Kusini ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, na msimu huo unalala juu ya sehemu kubwa ya mwaka wa masomo. Daftari lisafiri ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, hasa ukiwa mtu wa bodaboda. Rangi ya pili ya peni inatosha kwa masahihisho ya jioni. Rangi sita ni mzigo.

Kabla ya kuingia

Dakika 15 tu zinatosha. Fungua muhtasari wa kozi, tazama mada ya leo, kisha pitia kurasa husika za kitabu au slaidi za mwaka jana, ukitafuta istilahi. Andika istilahi nane hadi kumi kwenye ukurasa wa kushoto, kwa tahajia sahihi. Sababu ni hii: neno la Kiingereza ulilowahi kuliona hata mara moja sikio hulitambua likitamkwa haraka. Lile usilolijua linakusimamisha, na sekunde kumi za kujiuliza "kasema nini?" zinakula sentensi mbili zinazofuata.

Kaa safu mbili za mbele. Sababu siyo kuonekana. Panga boi linavuma, dirisha liko wazi, na mvua ikipiga bati sauti ya mhadhiri haifiki nyuma. Ikiwa mvua imeanza na hukusikia, acha nafasi ya mistari mitatu, andika saa pembeni, endelea. Nafasi tupu yenye saa inaweza kujazwa kwa kumuuliza jirani. Pengo ambalo hukuliwekea alama huwezi kulijaza, kwa sababu jioni hutajua kwamba lipo.

Ndani ya lekcha

Lugha kwanza, maana ndipo penye shida kubwa. Istilahi iandike kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani utakuja kwa Kiingereza. Maelezo yaandike kwa lugha uliyoelewea. Kama kichwani limeingia kwa Kiswahili, liandike kwa Kiswahili. Kulitafsiri palepale ni kufanya kazi tatu kwa wakati mmoja, yaani kusikia, kutafsiri na kuandika, na mojawapo itaanguka. Neno usilolijua tahajia yake liandike ulivyolisikia, kwa herufi za Kiswahili, ulizungushie duara: "ikwilibriamu", "fidushiari". Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo una chombo cha kunasa sauti yoyote. Kitumie bila aibu. Jioni utalitafuta kwenye kamusi au kitabu. Usipolipata, jaribu kubadilisha r na l, au s na th.

Vifupisho navyo. Neno la Kiswahili ni refu kwa sababu ya viambishi: "wanapopelekewa" ni herufi 14 kwa wazo moja. Andika mzizi tu au mshale. Mkulima → ghala inasema "mkulima anapeleka ghalani" bila kitenzi chochote. Vile vya meseji za simu, kama kwsb, mf., n.k., ukivizoea vitumie vilevile siku zote. Ongeza alama za hesabu: ↑ kupanda, ↓ kushuka, ≠ si sawa, ∴ kwa hiyo, ∵ kwa kuwa. Kosa la kawaida ni kubuni kifupisho kipya darasani na kukisahau wiki mbili baadaye. "MK" ni mkulima, mkopo au mkataba? Ukibuni kipya, kieleze palepale juu ya ukurasa.

Neno lipi sasa, katika yale matano? Sikiliza dalili. Mhadhiri akisema zipo sababu tatu, andika 1, 2, 3 kwenda chini kabla hajazitaja. Ukitoka na mbili, unajua moja imekupita. Akipunguza mwendo na kurudia sentensi, hiyo ni fasili. Hiyo peke yake iandike neno kwa neno. Maneno kama "lakini", "kinyume chake" na "isipokuwa" yanaandikwa daima, maana swali la mtihani hupenda kukaa pale. Kitu kilichoandikwa ubaoni kwa mkono, wakati slaidi ipo, kina uzito kuliko slaidi yenyewe.

Dalili iliyo muhimu kupita zote ni ile ambayo wengi huipuuza: mhadhiri akiacha Kiingereza na kuhamia Kiswahili. Darasa linacheka, peni zinawekwa chini, watu wanapumua. Lakini ameamua kutumia Kiswahili kwa sababu ameona jambo ni gumu na anataka lieleweke. Mfano anaoutoa hapo, wa mama muuza samaki soko la feri au wa mkulima wa Newala, haumo kwenye slaidi wala kitabuni. Huo ndio utakaokukumbusha dhana nzima ukiwa chumba cha mtihani. Andika mfano huo hata kama ni kwa maneno manne.

Tuchukue lekcha ya uchumi wa kilimo. Mhadhiri anasema hivi, hapa kwa Kiswahili:

"Mfumo wa stakabadhi ghalani una sheria yake ya mwaka 2005, na kwenye korosho ulianza hapa Mtwara msimu wa 2007/2008. Kabla yake mkulima alimuuzia mnunuzi palepale kijijini, kwa bei ya mnunuzi, kwa sababu hakuwa na ghala wala uwezo wa kusubiri. Sasa anapeleka AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, korosho zinapimwa uzito na ubora, zinakwenda ghala lenye leseni, inatolewa stakabadhi, zinauzwa mnadani, yanafanyika makato, ndipo fedha inamfikia. Faida yake ni ushindani wa wanunuzi. Tatizo, fedha haiji siku ileile."

Maneno hayo yanapita chini ya dakika moja. Anayenakili kila neno atakuwa ameishia kwenye "ulianza hapa Mtw", na sehemu yenye maana yote imempita. Anayechagua atakuwa na hiki:

SG: sheria 2005, korosho Mtw 2007/08
kabla: mkul → mnunuzi kijijini, bei ya mnun ∵ hana ghala, hawezi kusubiri
sasa: AMCOS (uzito, ubora) → ghala → stkb → mnada → makato → pesa
+ ushindani
– pesa hukawia

Angalia kwamba kilichobaki ni mpangilio na sababu. Miaka imeandikwa kamili, kwa kuwa mwaka haukisiwi. Mlolongo umeandikwa kwa mishale, kwa kuwa ukipoteza hatua moja unapoteza zote. Viunganishi vya kawaida vimeachwa, jioni vitarudi vyenyewe.

Jioni ileile

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi ya kukariri ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja kilichosalia kilikuwa kama theluthi. Lekcha ina maana, kwa hiyo haiyeyuki kwa kasi ile, lakini yale maneno manne usiyoyaandika yamekaa kichwani tu, na hapo ndipo yanapoyeyuka. Kesho yake mchana "stkb → mnada" bado itasomeka. Wiki ijayo itakuwa kitendawili.

Dakika 20 kwa lekcha moja, siku hiyohiyo, kwa mpangilio huu:

1. Soma ukurasa wa kulia, jaza mapengo na rekebisha tahajia zilizo kwenye duara, kwa peni ya rangi ya pili. Dakika 8.
2. Kwenye safu ya sentimita 6 andika maswali, mawili au matatu kwa ukurasa, ambayo jibu lake liko kando yake. Dakika 5.
3. Funika ukurasa kwa mkono na uandike muhtasari wa sentensi tatu hadi tano kwenye mistari ya chini, kwa Kiingereza, kwa sentensi kamili. Dakika 7.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu na ndiyo inayorukwa. Aliyeelewa kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiswahili muhula mzima hufika kwenye mtihani wa mwisho akiwa na hoja kichwani, lakini sentensi za kuibeba hana. Kila jioni sentensi tatu, kwa lekcha 30, ni sentensi 90 za Kiingereza ulizozitunga mwenyewe juu ya kozi hiyo kabla ya mtihani.

Maswali nayo yana ubora. "Stakabadhi ghalani ni nini?" ni swali dhaifu, linaitisha kukariri. Afadhali: "Kwa nini mkulima wa kabla ya 2007 hakuwa na sauti kwenye bei?" Au: "Taja hatua sita kwa mpangilio, kutoka AMCOS hadi pesa." Au: "Mfumo huu unambanaje mkulima anayehitaji fedha leo, na kwa nini?" La mwisho halina jibu kamili kwenye notsi, na ni vizuri. Litakupeleka maktaba, na utakachokipata kinakwenda ukurasa wa kushoto. Hapo pia ndipo pa mchoro uliouchora upya, na pa majina ya vyama vikuu vya ushirika ambayo mhadhiri hakuyataja: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Kama unaona dakika 20 ni nyingi, tazama krediti. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo kozi ya krediti 10 imehesabiwa saa 100. Lekcha za saa tatu kwa wiki kwa wiki 15 ni saa 45. Zinazobaki zilipangwa tangu mwanzo ziwe zako, na dakika hizi 20 zinatoka humo.

Kitu kimoja kisifanyike jioni: kunakili notsi upya ili ziwe safi. Ni mazoea ya sekondari, mahali daftari lilipopewa alama. Kunakili kunakula saa mbili na kunakupa hisia ya kufanya kazi, lakini mkono ndio unaofanya kazi, akili imekaa pembeni. Mwandiko ukisomeka, umetosha.

Baada ya hapo rudia kwa kujiuliza. Funika sehemu pana, soma swali la pembeni, jibu kwa sauti, kisha fungua. Fanya hivyo siku ya tatu, baada ya wiki, na baada ya mwezi, dakika tano tu kila mara. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu mara nne na wale waliokisoma mara moja kisha wakajipima mara tatu. Baada ya wiki moja waliosoma tu walikumbuka asilimia 40; waliojipima, asilimia 61. Hatari ni kwamba dakika chache baada ya kusoma, waliorudia kusoma ndio wanaoonekana kujua zaidi. Ndiyo maana kupitia notsi usiku wa kuamkia pepa kunadanganya.

Slaidi, simu, kompyuta

Slaidi ni mifupa ya lekcha. Ukizichapa, mwambie mtu wa steshenari aweke slaidi tatu kwa ukurasa, siyo sita: mpangilio wa tatu unaleta mistari ya kuandikia pembeni. Sita kwa ukurasa hazisomeki na hazina pa kuandika. Kama hukuzipata kabla ya lekcha, usizichape kabisa. Andika namba ya slaidi kwenye notsi zako na uzifungue kwenye simu jioni.

Kurekodi, omba ruhusa kwanza. Simu iwe meza ya mbele, hali ya ndege imewashwa ili isikatwe na simu inayoingia, na chaji imejaa kabla ya kuondoka, maana umeme hauna ahadi. Rekodi siyo ya kusikiliza yote. Hakuna mwenye saa mbili za kurudia lekcha ya saa mbili, na mafaili yanajaa simu bila kufunguliwa. Unapopotea andika dakika pembeni, "rek 34", na jioni sikiliza dakika ya 33 hadi ya 36 tu. Picha za ubao nazo ni hivyo: chukua kabla haujafutwa, ichore kwenye daftari siku hiyohiyo, kisha ifute.

Kuhusu kompyuta, utafiti wa Pam Mueller na Daniel Oppenheimer wa mwaka 2014 uliona kuwa wanaochapa hunakili maneno mengi neno kwa neno na hufanya vibaya zaidi kwenye maswali ya dhana. Majaribio ya kurudia baadaye hayakupata tofauti kubwa kama ile. Ushauri wetu ni karatasi, kwa sababu mbili za hapa nyumbani: haiishiwi chaji, na haina WhatsApp.

Masomo hayafanani

Uhasibu na hisabati: nakili kila mstari wa ubaoni, na pembeni ya kila hatua andika kwa nini. Takwimu utazipata kokote, lakini sababu ya kiasi hiki kuwekwa upande wa debiti inasemwa kwa mdomo mara moja tu. Sheria: kwa kila kesi, ukweli wa shauri, swali lililobishaniwa, uamuzi, sababu ya uamuzi, mistari minne, basi. Nadharia za ualimu na saikolojia: nani, mwaka gani, anadai nini, mfano wa darasani, na nani anampinga.

Wa Chuo Kikuu Huria, kwenye vituo vya Lindi na Mtwara, hawana lekcha za kila siku. Wasome kurasa tano za moduli, wafunge, waandike, ndipo wafungue kusahihisha. Kuandika huku kitabu kiko wazi ni kunakili.

Ukikosa kipindi, azima notsi za watu wawili, usiridhike na za mmoja. Pale zinapotofautiana ndipo pa kwenda kuuliza. Ule mpango wa "leo ingia wewe, kesho naingia mimi" haufai: notsi za mwenzako zina vifupisho vyake, na yale maneno manne yako kichwani mwake.

Kwenye kimbweta kaeni watatu au wanne, madaftari yamefungwa, mmoja aulize kutoka safu yake ya maswali, wengine wajibu. Swali lililowashinda wote liwekewe nyota, pamoja na tarehe. Swali lenye nyota mbili lipelekwe kwa mhadhiri saa zake za ofisi, na nenda na ukurasa wenyewe mkononi, ili akuonyeshe mstari ulipopotea.